SHAMBA MOJA, WARITHI WENGI

  

Leo hatutasema habari za mbolea, wala za dawa ya kunyunyiza. Leo tunataka kulitazama jambo ambalo limewatoa watu jasho kuliko palizi yenyewe: mzee akishafariki, shamba lake linakuwaje? Je, linakatwa vipande mpaka kila mmoja anabaki na mistari minne ya mahindi? Linauzwa? Au linabaki zima, likalimwa, likawafaa wote? Zipo familia ngapi ambazo leo hazisalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba? Wewe mwenyewe unazijua.

Ili tulione jambo hili vizuri, tutatazama shamba moja la mizabibu huko Ureno, linaloitwa Quinta do Vale Meão. Neno “quinta” kwa Kireno ni shamba pamoja na nyumba zake. Shamba hili lilianzishwa na mama mmoja mjane, na mpaka leo liko mikononi mwa wazao wake.

Pengine utasema: “Ureno na mimi wapi na wapi? Na zaidi ya hayo, mimi kileo situmii.” Sawa kabisa. Sisi hatuzungumzi habari za kunywa, tunazungumza habari za kulima. Mdudu akiingia shambani haulizi dini ya mwenye shamba, wala haulizi ana ekari ngapi. Na kifo nacho ni hivyo hivyo.

Nchi yenyewe ilivyo

Mto Douro unaanzia Hispania, unapita kaskazini mwa Ureno, na kuingia bahari ya Atlantiki penye mji wa Porto. Huko bara mto unapita katikati ya milima mikali. Udongo ni haba. Kilichopo ni mwamba wa tabaka tabaka, unaopasuka kama vigae. Kiangazi joto hupita digrii 40, na kadiri unavyokwenda juu ya mto kuelekea Hispania, mvua zinazidi kupungua.

Sasa mkulima wa huko alifanyaje? Alivunja mwamba kwa mtaimbo na nyundo, akajenga kuta za mawe bila saruji, ukuta juu ya ukuta, mlima mzima ukawa kama ngazi. Nyuma ya kila ukuta akajaza vipande vya mwamba na udongo kidogo, akapanda mizabibu. Mzabibu ni mti mvumilivu: mizizi yake hupenya katika nyufa za mwamba na kwenda chini sana kutafuta maji. Watu waliojenga kuta zile walikuwa vibarua, wengi wao wametoka Galicia, ng'ambo ya mpaka. Majina yao hayakuandikwa popote, lakini kuta zao bado zimesimama.

Zao la huko liliuzwa nchi za nje, hasa Uingereza, likiwa mvinyo unaoitwa Porto. Mvinyo huo hutengenezwa hivi: maji ya zabibu huachwa yachache, lakini kabla sukari yote haijaisha, hutiwa pombe kali iliyotokana na zabibu. Kuchacha hukoma, utamu hubaki. Mwaka 1756 serikali ya Ureno, chini ya waziri aliyejulikana baadaye kama Marquês de Pombal, iliweka mipaka ya eneo linaloruhusiwa kutoa mvinyo huo, ili watu wasiuchakachue na kuharibu soko.

Barabara hazikuwepo. Mapipa yalishuka na mto katika mashua mpaka Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya Porto, kwenye maghala ya wafanyabiashara. Lakini mahali paitwapo Cachão da Valeira mto ulikuwa umezibwa na miamba, mashua hazipiti. Kazi ya kuivunja ilianza mwaka 1780 na ikamalizika mwaka 1792. Ndiyo maana sehemu ya juu ya mto, ambako shamba letu liko, ilibaki pori kwa muda mrefu. Si kwamba ardhi ilikuwa mbaya. Njia ya kutolea mazao ndiyo iliyokosekana. Hilo, ndugu mkulima, nadhani hulihitaji maelezo.

Mjane wa miaka 33

Mwaka 1811, karibu na mji wa Régua kando ya mto huo, alizaliwa mtoto wa kike aliyeitwa Antónia Adelaide Ferreira. Ukoo wake ulikuwa wa wakulima na wafanyabiashara wa mvinyo. Aliolewa na binamu yake, na mume huyo akafariki mwaka 1844. Antónia akabaki na watoto wawili na mali ya kuangalia, naye umri wake miaka 33.

Angeweza kuwaachia ndugu wa mume waendeshe kila kitu, yeye akae ndani. Hakufanya hivyo. Alishika hesabu mwenyewe, akatembelea mashamba mwenyewe, akanunua mashamba mengine, akajenga barabara na nyumba za kuhifadhia mvinyo. Mwaka 1856 aliolewa tena na Francisco José da Silva Torres, aliyekuwa msimamizi wa shughuli zake, na wakaendelea kufanya kazi pamoja mpaka huyo naye alipofariki mwaka 1880. Watu wa bonde lile walimwita kwa upendo Ferreirinha, yaani Ferreira mdogo. Bei ya mvinyo ilipoanguka, alinunua mvinyo wa wakulima wengine akauhifadhi ghalani mpaka bei irudi. Alipata faida, naam, lakini na mkulima mdogo alipata pa kuuzia.

Hatari ya mto aliijua kwa macho yake. Tarehe 12 Mei 1861 alikuwa ndani ya mashua iliyopinduka pale pale Cachão da Valeira. Mwingereza mmoja rafiki wa familia, Joseph James Forrester, aliyekuwa amechora ramani za mto huo huo, alizama akafa. Mama Antónia aliokoka. Watu husimulia kwamba sketi zake pana za siku hizo zilishika hewa zikamwelesha juu ya maji.

Mdudu asiyeonekana

Miaka hiyo ya 1860 ndipo balaa lilipoingia. Lilikuwa mdudu mdogo sana, wa jamaa ya wale wadudu mafuta unaowaona kwenye kunde na kabichi. Anaitwa filoksera. Asili yake ni Marekani ya Kaskazini, na alifika Ulaya pamoja na miche iliyosafirishwa kutoka huko. Mdudu huyu hunyonya mizizi. Mizabibu ya Marekani ilimzoea tangu zamani, kwa hiyo haimwogopi. Lakini mzabibu wa Ulaya ukishanyonywa, mizizi huvimba, huoza, na mti hufa.

Ubaya wake ni kwamba mkulima anaona majani yanakuwa manjano, anadhani ni ukame. Anang'oa mti uliokufa kuuchunguza, hakuti mdudu, kwa sababu mdudu amekwisha hamia mzizi wa jirani ulio hai. Watu walijaribu dawa za kila namna, hata kudunga ardhi kwa dawa yenye sumu kali. Gharama zikawa kubwa, na mdudu bado yupo. Wakulima wengi waliacha mashamba wakaenda zao. Mpaka leo, ukipita katika bonde la Douro, utaona ngazi za mawe zilizojaa vichaka. Wenyeji huziita kwa neno la Kireno lenye maana ya mahali pa wafu.

Dawa iliyofaa mwishoni haikuwa ya kunyunyiza. Ilikuwa ni kubebesha. Shina la chini likawa mzabibu wa Kimarekani, mizizi yake inamvumilia mdudu. Juu yake kikabebeshwa kikonyo cha mzabibu wa Kireno, wenye matunda mazuri. Ni kazi ile ile unayoifanya wewe unapobebesha mchungwa juu ya mlimao. Maarifa yenyewe ni mepesi, lakini ilibidi kung'oa na kupanda upya karibu nchi nzima. Na mzabibu uliopandwa leo hautoi zao la maana kabla ya miaka mitatu. Sasa mtu aliyekwisha poteza mavuno, na ambaye hana akiba, angekula nini miaka hiyo mitatu?

Kununua pori uzeeni

Basi, katikati ya balaa hilo, mwaka 1877, Mama Antónia akafanya jambo lililowashangaza wengi. Halmashauri ya mji wa Vila Nova de Foz Côa ilipiga mnada ardhi ya pori, kiasi cha hekta 300, yaani kama ekari 740. Ardhi hiyo ilikuwa kwenye kona ya mto, mbali kabisa na soko, haijawahi kupandwa mizabibu. Yeye akainunua. Umri wake ulikuwa unagonga miaka 66.

Usifikiri alikuwa anabahatisha. Wakati huo reli ilikuwa inajengwa kutoka Porto kuelekea bara. Ilifika Régua mwaka 1879, na mwaka 1887 ikafika Pocinho, karibu kabisa na shamba lile. Kazi ya kulijenga shamba nayo ilianza mwaka huo huo wa 1887 na ikaendelea mpaka 1895. Pori likafyekwa, mizabibu ikapandwa, zikajengwa nyumba, na mabwawa ya mawe ya kukanyagia zabibu. Ikapandwa pia mizeituni na milozi, maana mkulima mwenye akili hategemei zao moja.

Mwaka 1896, mwaka mmoja tu baada ya kazi kumalizika, Mama Antónia alifariki akiwa na umri wa miaka 84. Katika mashamba yake yote, hili ndilo alilolianzisha yeye tangu pori. Mavuno yake makubwa hakuyaona.

Tusidanganyane, ndugu mkulima. Mama huyu alikuwa tajiri, alikuwa na akiba ya kungojea miaka minane shamba liwe shamba. Mimi na wewe hatuna akiba hiyo. Lakini kupanda mti ambao kivuli chake utakikalia mjukuu wako, hilo halihitaji utajiri. Mzee anayepanda mwembe leo anafanya jambo lile lile.

Warithi wanapoongezeka

Sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yetu. Zamani huko Ureno mashamba mengine makubwa yalifungwa kisheria yasigawanywe, yakawa yanakwenda kwa mtoto mmoja tu. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1863. Tangu hapo watoto wote wana haki ya kupata fungu. Ni haki, hakuna anayeweza kusema si haki. Lakini hesabu ina ukali wake. Mtu mmoja akiwa na watoto watatu, na kila mtoto akapata watatu, na kila mjukuu akapata watatu, kizazi cha tatu ni watu 27. Ardhi nayo haizai.

Shamba la Vale Meão liliponea hapa: halikukatwa vipande. Warithi walikuwa na mafungu yao katika shamba lililobaki zima. Mmoja ana fungu kubwa, mwingine dogo, lakini mizabibu, mabwawa na nyumba vikabaki pamoja. Zabibu ziliuzwa kwa kampuni ya ukoo, iliyoitwa A. A. Ferreira kwa jina la bibi yao.

Ikapita miaka karibu mia moja hivyo. Lakini utaratibu huu nao una kasoro yake. Shamba likiwa na wenyewe wengi, nani ataamua kung'oa mizabibu iliyozeeka? Nani atatoa fedha za ukuta ulioanguka? Anayekaa mjini anataka gawio lake mwaka huu. Anayekaa shambani anataka kupanda kwa ajili ya miaka ishirini ijayo. Wote wawili wana haki, na wote wawili hawawezi kupata wanachotaka.

Ndipo alipotokea mmoja wa wazao hao, Francisco Javier de Olazabal, kizazi cha nne baada ya Mama Antónia. Mwaka 1994 aliyanunua mafungu ya warithi wenzake, shamba likarudi chini ya nyumba moja. Waliotoka walipata fedha, na aliyebaki alipata shamba zima. Ardhi haikukatwa hata kipande.

Kuuza zabibu, au kuuza mvinyo?

Kabla hatujaendelea, turudi nyuma kidogo mpaka mwaka 1952. Kampuni ya Ferreira ilikuwa na mtaalamu wa mvinyo aliyeitwa Fernando Nicolau de Almeida. Yeye alitaka kutengeneza mvinyo wa kawaida wa mezani, usiotiwa pombe kali, lakini ulio bora kabisa. Watu walimwona kama anapoteza wakati, kwa kuwa Douro ilijulikana kwa Porto tu. Zabibu zake akazitafuta Vale Meão.

Taabu ilikuwa joto. Maji ya zabibu yakichacha hutoa joto yenyewe, na yakizidi moto mvinyo huharibika. Shambani hapakuwa na umeme. Akafanya nini? Aliagiza mabonge ya barafu kutoka Matosinhos, bandari ya wavuvi karibu na Porto. Yalisafirishwa usiku yakiwa yamefunikwa kwa unga wa mbao yasiyeyuke, kisha yakatumika kupoza mvinyo unaochacha. Mvinyo huo ukaitwa Barca Velha, na ukawa mmoja wa mivinyo yenye sifa kuu Ureno nzima. Hutolewa kwa jina hilo miaka ile iliyo mizuri tu.

Kwa hiyo, kwa miaka mingi, zabibu za Vale Meão ndizo zilizokuwa msingi wa mvinyo ule. Lakini jina juu ya chupa halikuwa la shamba, na bei ya chupa haikuwa ya shamba. Shamba liliuza zabibu. Mwaka 1987 familia iliuza kampuni ya Ferreira kwa kampuni kubwa zaidi, Sogrape. Sasa hata yule mnunuzi wa zabibu hakuwa tena wa ukoo.

Bwana Olazabal alikuwa mwenyekiti wa kampuni ile ile iliyonunua zabibu zake. Mwaka 1998 aliacha cheo hicho. Yeye na mwanawe wakaamua kusindika zabibu zao wenyewe, palepale shambani. Mavuno ya mwaka 1999 yakawa ya kwanza kuuzwa kwa jina la Quinta do Vale Meão.

Hebu pima uzito wa uamuzi huo. Anayeuza zabibu anapata fedha mara baada ya mavuno. Anayetengeneza mvinyo wa aina ile lazima auweke katika mapipa zaidi ya mwaka, halafu katika chupa, halafu ndipo autafutie mnunuzi. Wakati huo vibarua wanataka ujira na mapipa yanataka kulipiwa. Faida ya kusindika ni kubwa, lakini ni ya mtu aliyejipanga kungoja.

Hata hivyo hawakutupa ya zamani yote. Mabwawa ya mawe ya bibi yao bado yanatumika. Mwezi wa Septemba zabibu zikiiva, wafanyakazi huingia bwawani, hushikana mabega na kukanyaga kwa miguu, taratibu, kwa mstari. Mguu wa mtu hupasua ganda bila kuvunja mbegu, na mbegu ikivunjika hutia uchungu. Baada ya hapo ndipo vyombo vya kisasa vya kupozea vinapochukua kazi. Barafu ya Matosinhos haihitajiki tena.

Ya kukumbuka

Ndugu mkulima, tukusanye tuliyoyasema.

Kwanza, shamba hili halikuuawa na ukame wala na mdudu. Jaribu lake kubwa lilikuwa ndani ya familia yenyewe, na lilishinda kwa sababu watu waligawana mafungu, hawakugawana udongo.

Pili, yule anayebaki shambani na yule anayeondoka wote wana haki. Ikiwa wanao watatu wako mjini na mmoja analima, msingoje siku ya matanga ndipo mzungumze. Zungumzeni sasa, mzee akiwa hai. Anayebaki anaweza kuwalipa wenzake kidogo kidogo, kwa mazao au kwa fedha, na yaandikwe mbele ya mashahidi. Neno la mdomo huzeeka haraka.

Tatu, usimsahau mjane, wala usiwasahau mabinti. Ukoo huu usingekuwa na shamba la kurithi kama yule mama wa miaka 33 angenyang'anywa mali.

Nne, kubebesha kuliokoa mizabibu ya Ulaya pale dawa ziliposhindwa. Ukiona ugonjwa mpya shambani, usikimbilie dukani tu. Muulize Bwana Shamba kama iko mbegu au shina linalouvumilia.

Tano, kabla ya kuamua kusindika zao lako, hesabu kwanza utakula nini wakati unangoja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chenu, ekari moja ya babu imegawanywa mara ngapi? Kipande kidogo kabisa sasa kina ukubwa gani, na je, kinamlisha mwenyewe?

2. Ndugu watano wamerithi shamba moja. Wawili wanalima, watatu hawapo. Nani aamue nini kipandwe, na mavuno yagawanywe vipi ili asionewe mtu?

3. Ni zao gani mnaliuza ghafi ambalo mngeweza kulisindika wenyewe? Mtahitaji kungoja muda gani kabla ya kuona fedha?

4. Ni mti gani uliopo kijijini ambao aliyeupanda hakuula?

Msimalize kikao kabla ya kila mmoja kusema. Hasa mwacheni mkubwa asikie maneno ya kijana, na kijana asikie ya mkubwa, maana hili la mirathi linawahusu wote wawili kwa siku moja.